UFAFANUZI: HESABU YA ANWANI ZA IP KATIKA MTANDAO WA OFISI

Kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi, yanatolewa hapa maelezo ya namna ya kukadiria anwani za IP zinazohitajika katika mtandao mdogo wa ofisi.

Kila kifaa kilichounganishwa na mtandao hutambulika kwa anwani yake, kama nyumba itambulikanavyo kwa namba. Kifaa kilichokosa anwani hakipati mawasiliano. Iwapo kifaa hicho ni kompyuta ya karani wa vyeti vya kuzaliwa, mwananchi aliyevuka bahari kufuata cheti hurudi mikono mitupu.

Kwanza, vihesabiwe vifaa vyote, si kompyuta pekee. Printa, seva, kamera, na hata simu za mkononi zilizounganishwa bila waya, kila kimoja huchukua anwani. Pili, iongezwe anwani 1 ya ruta. Tatu, ziongezwe anwani 2 ambazo hazigawiwi kifaa chochote: ya mwanzo, inayoutambulisha mtandao wenyewe, na ya mwisho, itumikayo kupeleka ujumbe kwa vifaa vyote kwa pamoja.

Anwani hugawiwa kwa mafungu yanayoongezeka maradufu: 8, 16, 32, 64, 128, 256. Kwa mfano, ofisi yenye kompyuta 21, printa 4 na seva 1 ina vifaa 26. Pamoja na ruta na zile anwani 2, jumla ni 29. Fungu la 32 litatosha, na mpaka wake huandikwa 255.255.255.224. Hata hivyo, hubaki anwani 3 tu. Ofisi hiyo ikitarajia kompyuta 6 zaidi, jumla itafika 35. Hivyo haina budi kuchukua fungu la 64, ambalo mpaka wake ni 255.255.255.192.

Aidha, kuchukua kupita kiasi nako kuna hasara. Anwani za mfumo wa IPv4 hazizidi takriban bilioni 4.3 duniani kote, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa mwezi Februari 2011. Ndiyo maana ofisi nyingi hutumia kwa ndani anwani za faragha, kama zile zianzazo na 192.168. Hata hizo, ofisi mbili zinazokusudiwa kuunganishwa zisitumie fungu moja, kwani mawasiliano baina yao yatavurugika.

Wakuu wa idara wanashauriwa kuorodhesha vifaa vilivyopo na vinavyotarajiwa kabla mafundi hawajaanza kazi. Kuhesabu mapema ni rahisi kuliko kubadili anwani za ofisi nzima baadaye.