Bustani ya Makumbusho Isitegemee Mfereji
(Sehemu ya Pili)

Magongo, mtaa wa Mombasa ulio ng'ambo ya Makupa, maji ni bidhaa. Mifereji ikikauka, wasukuma mikokoteni hupita vichochoroni na mitungi ya lita 20, na wenye nyumba huhesabu shilingi kabla ya kuosha hata sufuria. Katika mji wa namna hii, nyasi za mapambo zinazonyweshwa maji ya mfereji kila jioni ni anasa, hata zikiwa mbele ya makumbusho.

Waliojenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa ambayo leo ni makumbusho, kati ya 1593 na 1596 walionja shida hiyo. Kisima walichochimba kwenye mwamba kilitoa maji ya chumvi, yakafaa kuoshea tu. Ikabidi wawe na birika la kukinga mvua. Wageni hulichungulia na kupita, ilhali ndilo funzo kubwa. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 basi hupokea lita 100,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Hiyo ni mitungi 5,000.

Na ardhi ya matumbawe ya Pwani, je, itaotesha nini?

Jibu liko Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, penye mawe matupu na maji ya chumvichumvi. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili, mvinje ukiwa mbele. Majani ya mvinje yakarundikana bila kuoza, mpaka yalipoletwa majongoo, wakayatafuna na kuyageuza udongo. Ajabu ni kwamba kazi iliyoonekana kuhitaji matrekta ilifanywa na wadudu ambao watoto huwachokoa kwa vijiti.

Lakini makumbusho ya utamaduni yana sababu ya kwenda mbali kuliko mvinje. Ndani huonyeshwa milango ya nakshi; nje ingefaa usimame mbambakofi au mvule wenyewe, mgeni aone mbao zilikotoka. Wachonga vinyago wa Changamwe, majirani wa Magongo, wanajua miti ikiadimika huwaje: mpingo na muhugu ilipopungua, wengi waligeukia mwarobaini. Tena miti huleta faida bila kukatwa: huko Gedi, mradi wa Kipepeo ulianza 1993, na wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wakapata kipato kwa kufuga vipepeo, msitu ukiwa bado umesimama.

Tahadhari ni moja. Mizizi hupasua kuta za mawe na chokaa, na magofu ya Gedi ni ushahidi. Miti mikubwa ikae mbali na kuta, na maji ya kumwagilia yasielekezwe kwenye msingi.

Wasimamizi wa makumbusho ya Pwani waanze na michirizi ya paa na matangi kabla ya masika, kisha miche ipandwe mvua zikishika. Makala ijayo itaangalia umeme wa jua na taka za wageni.