Neno Moja, Maana Tano: Tulijue “Interest” Kabla ya Kutia Saini

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia majumbani mwetu bila kubisha hodi ni neno “interest”. Limo katika kitabu cha hesabu cha mtoto, katika fomu ya benki ya baba, katika hati ya mahakama iliyomfikia mama mjane, na katika barua za zabuni zinazoletwa kwenye kamati za misikiti yetu. Wengi wetu tumezoea kulipa maana moja tu, nayo ni riba. Mazoea hayo huzaa makosa mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuliogopa neno mahali ambapo halina dhambi yoyote, hata mtu akaiacha haki yake. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kujiona tumesalimika kwa kuwa tu hatukuliona neno lenyewe katika karatasi.

Tuanze na asili yake. Neno hili lina mizizi katika Kilatini, lugha ya wasomi na mahakimu wa Ulaya ya zamani. Limeundwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya “kati” na la pili lenye maana ya “kuwa”. Kwa hiyo maana yake ya awali ni jambo kuwa kati ya watu, yaani kuwahusu na kuwa na uzito kwao. Maana hiyo ya kuhusika ndiyo shina, na maana tano tutakazozitaja ni matawi yake.

Tawi la kwanza ni hamu. Mwalimu anapoandika katika ripoti kwamba mtoto ana “interest” katika sayansi, anasema mtoto ana shauku na somo hilo. Hapa pana neno la kupongezwa, wala hapana riba ya kuogopwa. Maana hii, ingawa leo ndiyo isikikayo zaidi midomoni mwa watu, si ya kale sana. Ilienea katika karne ya 18.

Tawi la pili ni haki au sehemu ya mtu katika mali. Hii ni miongoni mwa maana zake za zamani zaidi katika Kiingereza, na ndiyo inayotumika mpaka leo katika hati za ardhi na za mirathi. Mjane anapoulizwa kama ana “interest” katika nyumba aliyoiacha marehemu, haulizwi kama anakula riba. Anaulizwa kama ana fungu lake humo. Mja wa Mwenyezi Mungu atakayejibu “sina” kwa kulichukia neno, atakuwa ameikana kwa maandishi sehemu aliyogawiwa na Qur’ani yenyewe. Mayatima wanaweza kupotelewa na kiwanja kwa neno moja lisilotafsiriwa.

Tawi la tatu ni manufaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 3, unataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika maamuzi yanayomhusu, na katika Kiingereza chake limetumika neno hili hili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeifuata njia hiyo. Wazazi waliofarakana kwa talaka watakutana nalo katika shauri la malezi. Wafahamu kwamba swali lililo mezani si nani kati yao mwenye nguvu, bali ni lipi litakalomfaa mtoto. Wanazuoni wetu nao wamelizungumza jambo hili kwa marefu katika mlango wa hadhana.

Tawi la nne ni maslahi binafsi ya mtu katika jambo alilokabidhiwa. Sisi tulio katika kamati za misikiti tunalihitaji sana somo hili. Kamati inapotafuta fundi wa kujenga vyoo au madarasa ya madrasa, na mmoja wa wajumbe akawa ni ndugu wa fundi aliyeomba kazi, mjumbe huyo analo la kutangaza. Kiswahili cha ofisini kinaita hali hiyo mgongano wa maslahi. Dawa yake ni nyepesi: mjumbe aseme mapema kwamba fundi huyo ni ndugu yake, atoke wakati wa kuamua, na katibu aandike katika kumbukumbu za kikao. Hilo halimvunjii heshima, bali humlindia heshima yake na kuilinda amana ya waumini. Kiingereza kina maneno mawili ya ndugu ambayo hata wenye lugha huyachanganya. “Disinterested” ni mtu asiye na maslahi yake katika shauri, nayo ni sifa njema ya hakimu. “Uninterested” ni mtu asiyejali, nayo kwa hakimu ni aibu.

Tawi la tano ndilo linalotuhusu kwa uzito wa pekee, nalo ni riba. Qur’ani Tukufu imelieleza katazo lake kwa ukali katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi ya 281, na ikatenga wazi biashara iliyo halali na riba iliyo haramu.

Lakini neno lililoanza kwa maana ya kuhusika lilifikaje kwenye riba? Katika Ulaya ya zama za kati, Kanisa pia lilikataza riba, na neno lililotumika kwa riba lilikuwa jingine, lenye sura mbaya masikioni mwa watu. Wanasheria wao, hata hivyo, waliona kwamba mkopeshaji aliyecheleweshewa mali yake anaweza kupata hasara ya kweli, wakaruhusu alipwe fidia ya hasara hiyo. Fidia hiyo ndiyo waliyoiita kwa jina hili laini. Taratibu, jina la fidia likaja kuifunika riba yenyewe.

Sheria za Uingereza zinaonesha mvutano huo. Mwaka 1545, katika utawala wa Mfalme Henry VIII, ilipitishwa sheria ambayo kwa jina lake ilipinga riba, lakini ndani yake iliruhusu nyongeza isiyozidi 10 kwa kila 100 kwa mwaka. Mwaka 1552, wakati wa Edward VI, ruhusa hiyo ilifutwa. Mwaka 1571, wakati wa Malkia Elizabeth I, ikarudishwa. Hatimaye mwaka 1854 sheria zilizoweka ukomo wa riba zikaondolewa. Jina likabaki zuri na jambo likabaki lile lile.

Yafaa tuyazingatie hayo, kwa sababu leo tunayaona yakijirudia viganjani mwetu. Mikopo ya simu mingine haina neno “interest” wala neno “riba” popote. Kuna “ada ya huduma”, “gharama ya mkopo” au “tozo ya kuongeza muda”. Hapa ndipo inapotufaa kanuni ya mafaqihi iliyowekwa katika kifungu cha 3 cha Majalla, mkusanyiko wa sheria za dola ya Uthmaniya: mikataba huangaliwa kwa makusudio na maana zake, si kwa matamko yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu ada ya kuhudumia mkopo kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi za huduma hiyo. Kinachozidi hapo ni riba, hata kikivishwa kanzu.

Kwa hiyo familia ikiletewa karatasi ya mkopo, iulize maswali matatu. Je, nitarudisha zaidi ya nilichopewa? Ziada hiyo inalipia kazi gani inayojulikana? Je, inaongezeka kadiri siku zinavyosogea au kiasi cha mkopo kinavyokua? Ikiwa ziada ipo, haina kazi iliyotendeka, nayo inakua kwa siku, basi jina lake halitusaidii kitu.

Mzazi asimzuie mtoto kujifunza hesabu za riba shuleni. Kukokotoa si kula. Bali mtoto aoneshwe kwa kalamu: shilingi 100,000 zikikopeshwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba ikahesabiwa juu ya mtaji peke yake, baada ya miaka 3 mdaiwa atadaiwa shilingi 130,000. Riba ikiachwa izae riba, deni litafika shilingi 133,100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini miaka ikiongezeka hukua mpaka ikala nyumba. Mtoto aliyeiona hesabu hiyo kwa macho yake ataifahamu hekima ya katazo kuliko aliyekaripiwa tu.

Tunawausia wasomaji wetu jambo lililo ndani ya uwezo wa kila nyumba: hati ya Kiingereza isitiwe saini siku ile ile ilipoletwa. Isomwe mbele ya mwenye kuijua lugha, na ikihusu mkopo, mirathi au talaka, ipelekwe pia kwa mwanachuoni. Kila penye neno “interest” paandikwe pembeni kwa Kiswahili: hamu, haki, manufaa, maslahi binafsi, au riba. Mwenye kuandika hivyo hataiacha haki yake kwa hofu, wala hataingia katika haramu kwa kutojua.

Wabillahi tawfiq.