Baiskeli ya Kwanza Ukubwani

Sajini mmoja aliyelitumikia jeshi kwa miaka mingi alistaafu, akarejea kwao katika wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, na kiinua mgongo chake mfukoni. Nyumba alikwisha kuijenga. Ng'ombe wa kulima walikuwapo. Kilichokosekana ni chombo cha kwendea sokoni, zahanati na shuleni kwa watoto, kwani barabara kuu ilikuwa umbali wa kilomita 7 kutoka mlangoni pake. Katika uaskari wake wote alikuwa amesafiri kwa malori na kwa miguu. Baiskeli yake mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Utotoni alijifunza kidogo kwa baiskeli ya kuazima, mguu mmoja umepenyezwa chini ya bomba la juu, kama wafanyavyo watoto wa vijijini hata leo.

Akaenda mjini, akachagua ndefu kuliko zote zilizopangwa barazani: nyeusi, yenye mistari ya dhahabu, fremu ya inchi 24. Alilipa fedha taslimu bila hata kuipanda. Siku ya nne, akirudi na gunia la mihogo kwenye keria, mbuzi alikatiza njia. Sajini akafunga breki, akataka kuteremsha mguu ashike ardhi, mguu usifike. Gunia likamvuta ubavuni, naye akaanguka juu ya mkono wake wa kulia, ukavunjika. Mvua za kupandia zilinyesha mkono ungali shingoni, na shamba la msimu ule mkewe alililima peke yake.

Mama huyo hakugomba. Alimwuliza jambo moja tu: "Baba, jeshini walikupimia buti, wakakupimia na kofia. Baiskeli hii alikupimia nani?"

Ama kwa hakika hilo ndilo swali ambalo watu wazima wengi hawajiulizi. Mtoto akipewa baiskeli kubwa atakua aifikie. Mtu mzima hakui tena, na akianguka huanguka na uzito wake wote, pamoja na kazi za nyumba nzima. Kwa hiyo kipimo cha kwanza si bei, wala si rangi. Ni mguu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mnunuzi avae viatu atakavyoendeshea, asimame juu ya baiskeli huku bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikikanyaga chini sawasawa. Nafasi ya vidole viwili au vitatu yapasa kubaki kati ya bomba na mwili. Kwa njia ya mashimo na mchanga, zaidi ya hapo ni bora. Bomba likigusa, baiskeli hiyo ni ya mtu mwingine. Fremu hupimwa kwa inchi, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi mwisho wa juu wa bomba linaloshika tandiko. Za kawaida madukani ni inchi 20, 22 na 24. Ile ya 24 ni ya mtu mrefu hasa, lakini wauzaji huipenda kwa kuwa yapendeza machoni.

Baada ya fremu huja tandiko. Mpandaji akae, aegemee ukuta, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande, urefu ni huo. Atakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjwa kidogo tu, na halitauma jioni. Lakini anayeanza ukubwani, au aliyeacha miaka 20 iliyopita, ateremshe tandiko mpaka nyayo zote mbili zifike chini. Kiburi cha kukaa juu kingoje. Kwa mtu asiyejua kabisa, fundi na azing'oe pedali zote mbili, naye ajisukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo wa majani hadi ajue kusawazisha mwili. Katika kuzing'oa ikumbukwe kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha desturi, yaani kwa kuzungushia spana upande ambao nati nyingine hukazwa. Pedali nyingi zimeharibiwa na watu wenye nguvu wasiolijua hilo.

Sasa njia yenyewe. Teso na Lango ni nchi ya tambarare, na si ajabu kwamba baiskeli imestawi huko. Kwa ardhi kama hiyo baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia za kubadilisha yatosha: magurudumu ya inchi 28, fremu ya mabomba ya chuma, uzito wa kilo 20 hivi pamoja na keria na stendi. Uzito huo hulalamikiwa na vijana, lakini ndio unaovumilia gunia. Mtu wa Kabale, au wa miteremko ya Mlima Elgon, ana haki ya kutaka gia. Na hata asipozimudu, ipo njia nafuu: ikiwa gia ndogo ya gurudumu la nyuma ina meno 18, fundi aweza kuweka yenye meno 20 au 22. Mwendo kwenye tambarare utapungua kidogo, na kilima kitalainika.

Waliofahamu mapema baiskeli ipi yafaa kwa mzigo ni wale waliobeba abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba, wakiwavusha watu kutoka kituo cha mpaka hadi kingine. Jina la boda boda lilizaliwa katika kazi hiyo ya baiskeli, kabla pikipiki hazijalichukua. Askari wasomao historia watakumbuka pia Vietnam: katika vita vya Dien Bien Phu, mwaka 1954, vyakula na risasi vilifikishwa mbele kwa baiskeli zilizokazwa kwa miti na chuma, kila moja ikibeba kilo 200 na zaidi. Wenyewe hawakuzipanda, walizisukuma kwa miguu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayefunga magunia mawili kisha akapanda juu yake.

Ukaguzi wa dukani hauhitaji elimu kubwa, bali subira. Fundi mzoefu huanza shingoni, pale mabomba mawili yanapokutana nyuma ya usukani. Rangi iliyokunjamana chini ya shingo, au uma wa mbele uliorudi nyuma kidogo, ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu. Hiyo iachwe, hata ikiuzwa nusu ya bei. Kisha husimama nyuma, akafumba jicho moja: gurudumu la mbele na la nyuma yapasa kuwa mstari mmoja, kama gwaride.

Halafu huinua gurudumu na kulizungusha. Rimu ikipita karibu na mpira wa breki isicheze zaidi ya milimita mbili. Spoku hupigwa kwa kidole moja baada ya nyingine. Zinapaswa kulia kwa sauti zinazokaribiana, na ile inayonyamaza imelegea. Baiskeli nyingi za aina hii ya zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo libebalo mtu na mzigo. Ashike gurudumu, alitikise kulia na kushoto: likigonga, koni au gololi zimelegea au zimelika. Afanye vivyo hivyo kwa mikono ya pedali. Mwisho afunge breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma; mshtuko ukisikika shingoni, shingo haijakazwa. Kazi yote hii haizidi dakika kumi, na muuzaji anayeikasirikia amekwisha kujieleza.

Ikiwa ni kuukuu, mnyororo nao una mizani yake. Pini zake zimeachana nusu inchi, basi nafasi 24 zipimwe kwa rula: mnyororo mzima hutoa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, umekwisha, na huenda umeyala na meno ya gia. Gharama hiyo iingizwe katika mapatano ya bei kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Breki zataka maneno zaidi. Baiskeli za zamani hufunga kwa fimbo za chuma zinazovuta mpira ndani ya rimu. Nyingine kwa waya. Fimbo hudumu sana, lakini rimu ikipinda hazishiki sawasawa. Na rimu ya chuma, ya breki yoyote ile, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama inapolowa maji. Mpandaji mgeni na ajue hivyo kabla ya mvua, si ndani yake: abonyeze kidogo kidogo mapema ili maji yafutike, ndipo afunge. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi. Tena ipo hatari isiyotajwa dukani. Katika baiskeli za desturi ya Kiingereza, pamoja na zile za India na Japani, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Zile za Marekani na za nchi nyingi za bara la Ulaya huwa kushoto. Mitumba huletwa kutoka kote huko. Aliyezoea moja akapanda nyingine aweza kufunga ya mbele kwa nguvu katika mteremko akidhani ni ya nyuma, na baiskeli ikamrusha kichwa mbele.

Mitumba hiyo ina mtego mwingine wa tairi. Mtu husema "tairi ya 26" akadhani amemaliza. La hasha! Ipo 26 ya baiskeli za milimani ambayo rimu yake ni milimita 559, na ipo 26 nyembamba ya milimita 590. Moja haiingii penye nyingine kwa nguvu wala kwa sabuni. Hali kadhalika 28 ya baiskeli nzito ni milimita 635, na 28 ya zile nyepesi za Ulaya ni 622. Tarakimu hizo mara nyingi huandikwa ubavuni mwa tairi. Mwenye busara huzinakili, akapita kwanza kwa mafundi wa soko lake la nyumbani kuuliza kama tairi na mipira ya ndani ya kipimo hicho inapatikana. Baiskeli ya fahari isiyo na spea karibu hugeuka kamba ya kuanikia nguo.

Kuhusu majina, wazee bado huitaja Raleigh kwa heshima, na haki yao. Lakini kiwanda chake cha Nottingham, Uingereza, kilifungwa mwaka 2002. Hero hutoka Ludhiana nchini India, na Phoenix ni ya Shanghai nchini China. Zote zimewabeba watu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Hata hivyo jina ni karatasi iliyobandikwa bombani, na karatasi yaweza kubandikwa popote. Uhodari wa aliyeunga vipande dukani huonekana zaidi kuliko jina, kwa kuwa baiskeli mpya hufika imefungwa katika katoni, ikakazwa harakaharaka na kijana anayelipwa kwa idadi. Kwa sababu hiyo fundi wa kuaminika alipwe azifungue habu na shingo, atie grisi ya kutosha, akaze upya. Baada ya wiki mbili au tatu za kuendesha, spoku na pini za mikono ya pedali zikazwe tena, maana chuma kipya hujiketisha.

Familia za polisi hazihitaji kukumbushwa, lakini jirani zao huenda wakahitaji: namba iliyogongwa kwenye fremu, chini ya ekseli ya pedali au karibu na tandiko, iandikwe katika stakabadhi pamoja na jina la mnunuzi. Baiskeli ikiibwa na mwenyewe hajui namba, kituoni atasimulia rangi tu, na nyeusi ni nyingi.

Turudi Kumi. Mkono wa sajini ulipopona, ile ndefu iliuzwa kwa hasara kwa mwalimu mmoja mrefu, ambaye mpaka leo anaifurahia. Safari ya pili sajini hakwenda peke yake. Mkewe alifuatana naye, na alikuwa na hoja: ikiwa baiskeli ni ya nyumba, nani aliyesema nyumba ni ya mwanamume mmoja? Walipitia maduka matatu. Katika la mwisho fundi akasema, "Afande, chukua hii isiyo na bomba la juu. Mama atapanda na gauni lake, nawe utashuka bila kuruka." Sajini akaona haya; baiskeli ya kike, na yeye mtu wa bunduki! Mkewe alikuwa amekwisha kuishika usukani, anaisukuma na kufunga breki kama alivyoelezwa.

Wakainunua, fremu ya inchi 20, keria ya chuma kizito. Mama alijifunza kwa majuma matatu kwenye uwanja wa kanisa, jioni, watoto wakimkimbilia nyuma kwa kelele. Mtoto mkubwa alichukua msumari, akachora alama mbili kwenye nguzo ya tandiko, ya juu ya baba, ya chini ya mama. Nguzo hata kwenye alama ya juu imebaki ndani ya bomba zaidi ya sentimita 6, kama fundi alivyoagiza, isije ikavunjika. Spana inaning'inia kando ya mlango. Siku za soko huhamishwa tandiko hadi alama ya chini alfajiri, na sajini hungoja zamu yake.