Zulia halimezi mngurumo

Kelele za mlango haziniwasi usingizi, walinena wahenga. Laiti wangaliketi katika ukumbi mmoja ninamofundishia! Ulikuwa na mwangwi mkali, ukatiwa mazulia na mapazia. Mwangwi ukapungua, lakini mvumo mzito ukasalia. Hata leo nikitamka "pata", walioketi nyuma huandika "kata".

Kosa ni kudhani kwamba kitu kinachonyonya sauti hunyonya sauti zote sawasawa. Mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitakiwa kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilidumu kwa zaidi ya sekunde tano. Aliingiza mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima jinsi sauti ilivyofifia. Ndipo ilipozaliwa elimu ya kukadiria unyonyaji wa sauti. Hata hivyo, alianza na sauti moja tu, ya mitetemo 512 kwa sekunde.

Sauti ya mitetemo 100, iliyo karibu na sauti ya msingi ya mwanamume anenapo, ina wimbi lenye urefu wa kama mita 3.4. Sponji hunyonya vyema pale hewa inapokwenda kasi zaidi, yaani robo ya wimbi kutoka ukutani: takriban sentimita 85. Sponji ya sentimita 5 itafua dafu? Hunyonya sauti nyembamba zinazotambulisha "s" na "t", ikaacha uvumi wa irabu uzifunike konsonanti.

Kupima nako kuna mashaka. Kanuni ya kimataifa ISO 354 yataka chumba kisichopungua mita za ujazo 150, na vipimo vyake huanzia mitetemo 100. Chini ya hapo mawimbi ni makubwa mno kwa chumba, hayasambai sawasawa, na makadirio huyumba. Isitoshe, ile tarakimu moja ya NRC wanayoitangaza wauzaji ni wastani wa mitetemo 250, 500, 1000 na 2000. Ya 125 haimo kabisa!

Nawasihi basi wakuu wa shule na wajenzi: kabla ya kulipa, ulizeni bidhaa hiyo hunyonya kiasi gani kwenye mitetemo 125. Acheni nafasi ya hewa kati ya sponji na ukuta. Mwanafunzi asiyezisikia konsonanti hukisia, na elimu ya kukisia si elimu.