Kipimajoto cha nje kina kazi gani?

Juma hili nataka tuzungumzie kitu kidogo sana, ambacho ukubwa wake haupiti sana kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini kikipuuzwa huweza kuua mashine ya bei kubwa. Ni kile kipimajoto kinachokaa katika sehemu ya nje ya kiyoyozi. Mafundi wetu hukiita sensa. Msidhani nazungumzia sensa ya watu na makazi, kama ile ya mwaka 2022. Ingawa ukitafakari utaona kazi zao zinafanana. Zote mbili hutafuta hesabu kwanza, ndipo mipango ifuate.

Najua wapo watakaouliza: Arusha na kiyoyozi wapi na wapi? Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,500. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana mtu wa Arusha hujifunika blanketi wakati ndugu yake wa Dar es Salaam anatafuta feni. Hata hivyo, mwezi wa Januari na Februari nyumba ya bati isiyo na dari, kule Njiro au Kijenge, huwaka kama tanuri ifikapo saa tisa alasiri. Na ukifika Julai, upepo ukishuka kutoka mlimani usiku, wapo wenye nyumba wanaotumia mashine hiyo hiyo kwa kazi iliyo kinyume, yaani kupasha chumba joto. Kwa hiyo viyoyozi vipo, na vinaongezeka.

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Watu wengi hudhani kwamba kipimajoto cha nje ndicho kinachoamua chumba kiwe na baridi kiasi gani. La hasha. Kazi hiyo ni ya kipimajoto kingine, kilichomo ndani ya mashine ya ukutani, ambacho hupima hewa ya chumbani na kuilinganisha na ulichoagiza kwa rimoti. Cha nje kinajibu swali jingine: huko nje kukoje, na mashine ifanye kazi kwa nguvu kiasi gani bila ya kujiumiza?

Kinavyofanya kazi si muujiza. Ndani yake kuna kipande cha madini ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Tabia hiyo iliandikwa na Michael Faraday wa Uingereza tangu mwaka 1833. Aina iliyozoeleka sana huwa na ukinzani wa ohm 10,000 joto likiwa nyuzi 25. Likishuka hadi sifuri, ukinzani huwa karibu mara tatu. Ubongo wa mashine husoma ukinzani huo na kuutafsiri kuwa joto.

Sasa, ubongo ukishajua joto la nje, hufanya mambo matatu. La kwanza ni kupanga mwendo wa feni ya nje. Wakati wa baridi gesi hupoa upesi mno, shinikizo lake hushuka, na koili ya ndani huwa baridi kupita kiasi hadi ikaganda barafu. Hapo feni hupunguzwa mwendo. Jambo hili linamhusu hasa mwenye chumba cha kompyuta au maabara, anayehitaji kupooza hewa hata usiku wa Julai.

La pili ni kuilinda kompresa. Joto la nje likizidi kiwango, mashine za kisasa hupunguza kasi ya kompresa, au huizima kabisa kabla haijaungua. La tatu linahusu kupasha joto. Wakati huo koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi, na mahali penye baridi kali na unyevu huota barafu. Mashine hulinganisha joto la hewa na joto la koili, ikaamua lini isimame dakika chache ili kuiyeyusha. Mjini Arusha ni nadra kufikia hapo, lakini kadiri unavyopanda kuelekea mlimani ndivyo jambo hili linavyokuwa la kweli.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika mahali tunapoiweka mashine. Wataalamu wa hali ya hewa hawaweki kipimajoto juani. Hukiweka ndani ya kibanda cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, mfano wa kile kilichobuniwa katika karne ya 19 na mhandisi wa Uskoti, Thomas Stevenson, baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Wanajua kwamba kipimajoto kilichoko juani hupima jua, wala si hewa. Sisi je? Tunaining'iniza mashine kwenye ukuta wa saruji unaotazama magharibi, au kwa kuogopa wezi tunaifungia ndani ya sanduku la bati. Hewa ya moto inayotoka humo hurudi tena ndani, na kile kipimajoto kikapima pumzi ya mashine yenyewe. Hewa ya mtaani ni nyuzi 28, mashine inasoma 42, inajihurumia, inapunguza kasi. Mwenye nyumba analalamika kwamba chumba hakipoi na uniti za LUKU zinakwisha. Kizimba cha nondo kilicho wazi kinatosha kuzuia mwizi, na upepo ukapita.

Kosa la pili naliona kubwa zaidi. Kipimajoto kikifa, mafundi wengine huunganisha mahali pake rizista ya ohm 10,000, na mashine ikawaka. Mteja hufurahi. Lakini kuanzia siku hiyo mashine inaamini kwamba nje ni nyuzi 25 mchana na usiku, masika na kiangazi. Ni sawa na mlinzi aliyepofushwa macho kisha akaachwa getini. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo. Kompresa itakayoungua kwa kukosa onyo si ya bei ndogo. Mwambieni fundi apime ukinzani kwa mita, alinganishe na kipimajoto cha kawaida kilichowekwa kivulini, na akiweka kipya akirudishe kwenye kishikizo chake cha plastiki, kisiguse bomba la shaba.

Nikumbushe pia kwamba kipimajoto hiki hakijui kila kitu. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15, kwa sababu ya mwinuko. Nyuzi 28 za hapa zinasomeka sawasawa na nyuzi 28 za Dar es Salaam, lakini feni ya hapa inasukuma hewa pungufu, na hivyo inaondoa joto pungufu. Kwa hiyo unaponunua, muulize muuzaji nguvu ya mashine katika mwinuko wa mita 1,400, na si ile iliyoandikwa kwenye boksi peke yake.

Na kabla ya kununua, jiulizeni kama dari, mti wa kivuli na madirisha yanayofunguliwa jioni havitoshi. Mlima Meru unatupatia baridi ya usiku bila ya bili. Lakini aliyekwisha kununua, asidharau kile kidude cha nje. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hadi juma lijalo, kwaherini.