Mbu Mwenye Mkasi

Kuanzia mwaka 1994, wiki baada ya wiki, ndege ndogo ilikuwa ikipita juu ya mashamba na misitu ya Unguja ikimwaga mbung'o. Asiyejua angedhani serikali imerukwa na akili, maana mdudu huyo ndiye aliyekuwa akiua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Lakini waliomwagwa walikuwa madume waliofugwa kwa mamilioni katika kituo cha utafiti cha Tanga, wakapigwa mionzi iliyowaondolea uwezo wa kuzalisha, kisha wakavushwa bahari. Jike wa porini aliyepandwa na dume wa Tanga hakupata kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo wengi hulipita. Kama wataalamu wangegundua katikati ya kazi kwamba wamekosea, wangesimamisha ndege, na baada ya muda si mrefu asingebaki porini dume hata mmoja wa Tanga. Ilikuwa teknolojia inayozimika.

Teknolojia inayoandaliwa sasa dhidi ya mbu wa malaria haihitaji ndege ya kila wiki. Kinadharia inatosha kuachia mbu mara moja au mara chache, kisha mbu wenyewe wanaendeleza kazi kwa kuzaana, kizazi hadi kizazi, kijiji hadi kijiji. Wataalamu wanaiita msukumo wa jeni. Utamu wake uko hapo, na uchungu wake uko hapo hapo.

Katika urithi wa kawaida, kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake, kwa hiyo jeni iliyopandikizwa maabara ina nafasi ya asilimia 50 tu ya kufika kwa kila mtoto. Ikimdhoofisha mbu hata kidogo, hupungua kila kizazi hadi itoweke. Mwaka 2003 Austin Burt wa Imperial College London alionyesha kwenye karatasi kwamba kanuni hiyo inaweza kupindwa, ila wakati ule hapakuwa na zana rahisi ya kufanyia kazi hiyo. Zana ikapatikana mwaka 2012, pale Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipoeleza jinsi ya kutumia CRISPR, mfumo wa kujilinda wa bakteria, kukata vinasaba mahali hasa panapotakiwa. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

CRISPR ni mkasi. Msukumo wa jeni ni kumpa mbu mkasi huo aubebe ndani ya vinasaba vyake, pamoja na maelekezo ya mahali pa kukata. Mbu anapotengeneza mbegu au mayai, mkasi unakata kromosomu ya pili isiyokuwa nao. Seli inapoziba jeraha inanakili kile kilichoko upande wa kwanza, mkasi ukiwemo. Matokeo yake, badala ya nusu ya watoto, karibu wote wanazaliwa nao.

Mkasi huo unaweza kutumwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kufyeka mbu. Mwaka 2018 timu ya Andrea Crisanti, hapo hapo Imperial College, ilieleza jinsi ilivyoulenga mkasi kwenye jeni inayoamua jinsia ya mbu aina ya Anopheles gambiae. Madume hawakudhurika. Majike waliorithi jeni hiyo ikiwa imekatwa kutoka kwa wazazi wote wawili walizaliwa wakiwa hawawezi kunyonya damu wala kutaga. Ndani ya vizimba vya maabara, jamii nzima ya mbu ilikwisha katika vizazi 7 hadi 11. Mbu huzaliana haraka, kwa hiyo vizazi hivyo ni suala la miezi tu.

Kazi ya pili ni ya upole zaidi, na ndiyo inayowahusu moja kwa moja Watanzania. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Imperial College, imetengeneza mbu ndani ya maabara ya Tanzania yenyewe. Mbu hao wanaachwa waishi, wazaane na kuuma watu kama kawaida, isipokuwa tumboni mwao vimelea vya malaria havikui inavyopasa. Siri yake ni protini mbili ndogo, moja asili yake ni chura wa Afrika mwenye kucha na nyingine ni sumu ya nyuki. Mbu wanapokula damu yenye vimelea wanatoa protini hizo, ukuaji wa vimelea unachelewa, na mbu anaweza kufa kwa uzee kabla hajapata nafasi ya kumwambukiza mtu. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2025 katika jarida la Nature yalionyesha kuwa mbinu hiyo inafanya kazi hata dhidi ya vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wagonjwa wa Tanzania, wala si vile vilivyozoeshwa maisha ya maabara za Ulaya peke yake.

Haraka ya kutafuta mbinu kama hizi inatoka wapi? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi nne: Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Niger na Tanzania. Vyandarua vyenye dawa vimeokoa maisha mengi tangu mwaka 2000, lakini mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa zinazopakwa kwenye vyandarua hivyo. Vimelea navyo vimeanza kustahimili artemisinini, dawa iliyo uti wa mgongo wa tiba, na dalili zake zimeonekana Rwanda na Uganda. Chanjo mbili zilizoidhinishwa zinasaidia, ila hazikingi kila mtoto. Anayesema Afrika isubiri bila kujaribu kitu kipya hana budi kuutaja pia mzigo wa kusubiri.

Hofu zinazosikika zaidi mitaani ndizo nyepesi zaidi. Mbu hawezi kumpa mtu jeni kwa kumuuma, kama vile kula kuku hakumwoteshi mtu manyoya. Wapo pia wanaouliza ni mnyama gani atakufa njaa mbu wakipungua. Kando ya Ziwa Victoria yuko buibui mdogo mrukaji anayependelea kula mbu majike walioshiba damu, lakini hata yeye ana vitoweo vingine. Dunia ina aina zaidi ya 3,000 za mbu, na wanaoeneza malaria kwa wingi barani Afrika ni wachache mno.

Hofu nzito ziko kwingine. Katika bonde la Kilombero, ambako Ifakara imefuatilia mbu kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya maambukizi siku hizi inaletwa na Anopheles funestus, ambaye ni spishi nyingine kabisa. Mkasi uliotengenezewa gambiae haumgusi. Pia asili haikai kimya: mbu wanaweza kuibuka na badiliko dogo mahali pa kukatwa, mkasi ukapita bila kukata. Vimelea navyo vinaweza kujifunza kustahimili protini za chura na nyuki, kama vilivyojifunza kustahimili klorokwini.

Kisha kuna hatari ya kufaulu nusu nusu. Zanzibar inaijua vizuri. Kampeni ya miaka ya 1950 na 1960 ya kupulizia dawa majumbani ilishusha malaria hadi ikaonekana kama imekwisha. Ilipokoma mwaka 1968, ugonjwa ukarudi kwa nguvu katika miaka ya 1970. Mtu anayeumwa malaria mara kwa mara hujenga kinga kiasi. Kizazi kilichokulia mahali pasipo malaria hakina kinga hiyo, na teknolojia ikishindwa baada ya miaka 15, watakaolipa ni vijana ambao hawajawahi kuugua.

Lakini swali gumu kuliko yote ni la ruhusa. Mwaka 2019 mradi wa Target Malaria uliachia takriban madume tasa 6,400 waliobadilishwa vinasaba katika kijiji cha Bana, Burkina Faso. Hawakuwa na msukumo wa jeni. Walikufa na jaribio likaisha. Watafiti walikaa na wanakijiji kwa miaka kabla ya siku hiyo. Mwaka huo huo, utafiti mwingine uliofanyika ukanda wa Sahel kwa kutumia maputo na nyavu ulionyesha kwamba mbu wa malaria hupanda juu angani hadi karibu mita 290 na kuchukuliwa na upepo, pengine kwa kilomita 300 katika usiku mmoja. Mzee wa Bana anaweza kuridhia kwa ajili ya Bana. Nani ataridhia kwa niaba ya kijiji kilichoko kilomita 300 mbele, huenda ng'ambo ya mpaka?

Agosti 2025 serikali ya kijeshi ya Burkina Faso ilisimamisha shughuli zote za mradi huo, siku chache tu baada ya kuachiwa kundi jingine la mbu, nao pia hawakuwa na msukumo. Wapo waliofurahi na wapo waliosikitika. Kwa vyovyote, tukio hilo linafundisha kwamba maridhiano ya kijiji hayafui dafu pale siasa za taifa zinapogeuka. Na kama wale wangekuwa mbu wenye mkasi, amri ya serikali isingewarudisha kizimbani.

Kevin Esvelt wa Marekani, mmoja wa waliopendekeza mwaka 2014 kuunganisha CRISPR na msukumo wa jeni, amekuwa pia miongoni mwa wanaoonya kwa sauti kubwa zaidi. Ametaka utafiti ufanywe hadharani tangu hatua ya wazo, na kundi lake limebuni misukumo inayojiishia yenyewe baada ya vizazi kadhaa. Njia ya Bagamoyo inakaribia busara hiyo. Mbu mmoja anabeba jeni ya kuzuia vimelea, mkasi unatunzwa katika mbu mwingine, na mpaka wakutanishwe hakuna kinachojieneza. Huo ndio mwelekeo unaostahili kuungwa mkono: kwanza mbu wasio na msukumo, kisha msukumo wenye mipaka, na ule usio na mipaka uje mwisho kabisa, ikiwa utahitajika hata kidogo.

Fedha nazo zisisahaulike. Sehemu kubwa ya utafiti huu, Bagamoyo na Burkina Faso, imelipiwa na Wakfu wa Gates wa Marekani. Hilo peke yake halifanyi sayansi kuwa mbovu. Linamaanisha kwamba serikali za Afrika zinatakiwa kuwa na wataalamu wao wa kupima hatari, wanaolipwa na walipakodi wao na wasiotegemea mradi wanaoupima.

Hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna nchi yoyote duniani iliyoachia porini mbu mwenye msukumo wa jeni. Kwa hiyo muda wa kupanga bado upo. Itifaki ya Cartagena inazungumzia viumbe waliobadilishwa vinasaba wanaovuka mipaka, lakini iliandikwa wakati mazao ya shambani ndiyo yaliyokuwa yakifikiriwa zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zake zinachangia mbu wa Ziwa Victoria na wa pwani, iandike kanuni yake ya pamoja sasa: nani anaomba, nani anakubali, nani anafidia mambo yakienda mrama. Rasimu ijadiliwe bungeni na barazani kwa Kiswahili, kabla kizimba cha kwanza hakijafunguliwa.