Umbo la Mitokondria Likiharibika, Macho Hufifia

Wapo watoto wanaoanza kushindwa kusoma ubaoni kabla hawajafikisha miaka kumi. Hupewa miwani, na bado herufi hazionekani vizuri. Kwa baadhi yao lenzi ya jicho ni nzima. Kinachonyauka polepole ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Mwaka 2000 watafiti walibaini kuwa ugonjwa huu wa kurithi mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni ya OPA1, inayoelekeza utengenezaji wa protini moja ya mitokondria.

Mitokondria ndizo zinazoipatia seli sehemu kubwa ya nishati yake, katika umbo la molekuli iitwayo ATP. Huungana, hugawanyika na kubadilika umbo kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Palade alizitazama kwa hadubini ya elektroni akaona utando wa ndani umejikunja mara nyingi. Humo kwenye mikunjo ndimo ATP inamotengenezwa.

Mikunjo hiyo hushikiliwa na protini. Kimeng’enya kinachounda ATP hujipanga jozi kwa jozi na kuupinda utando kwenye kingo. Kundi la protini liitwalo MICOS hushikilia midomo ya mikunjo, na protini ya OPA1 huibana kama kamba inavyobana mdomo wa mfuko. Ndani ya mikunjo imo protini iitwayo saitokromu c: ikibaki humo husaidia kuzalisha nishati, ikivuja kwa wingi huiamuru seli ijiue. OPA1 pia huunganisha tando za ndani za mitokondria mbili, huku protini ya MFN2 ikiunganisha tando za nje, na protini ya DRP1 ikizigawanya mitokondria.

Ndiyo maana hitilafu ya protini moja hudhuru mambo mawili kwa pamoja: uzalishaji wa nishati na uhai wa seli. Neva huumia mapema kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na zinahitaji nishati nyingi, tena mbali na kiini cha seli. OPA1 ikipungua, macho hufifia. MFN2 ikiharibika, hutokea aina ya ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, ambao hudhoofisha kwanza miguu, penye neva ndefu kuliko zote.

Ugonjwa wa OPA1 bado hauna tiba ya kurudisha uoni uliopotea. Mzazi mwenye jeni hiyo yenye hitilafu ana uwezekano wa asilimia 50 kumrithisha kila mtoto. Hivyo, familia ambayo watu wake hupoteza uoni tangu utotoni, kizazi hadi kizazi, imwone daktari bingwa wa macho, na ikiwezekana ipimwe jeni. Wagonjwa hushauriwa kuepuka sigara na pombe nyingi.

Walimu nao wana wajibu. Mtoto ambaye miwani haimsaidii asiitwe mvivu. Aketishwe mbele, apewe maandishi makubwa, na apelekwe hospitali, kwa maana akili yake ni timamu na haki yake ya kusoma iko palepale.